Kitovu Kilipozikwa: Waraka wa 1968 na Darasa la Fasihi Suneka

Mvua ya Suneka, huku kwetu Kisii, hupenda alasiri. Huanzia vilimani, ikashuka polepole juu ya migomba, na ikifika kwenye mabati ya darasa mwalimu hana la kufanya ila kuweka chaki chini na kungoja. Alasiri moja ya namna hiyo, miaka mingi kidogo iliyopita, nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha tatu nikifundisha fasihi simulizi kwa Kiingereza. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewaomba wanafunzi waje na hadithi moja moja kutoka nyumbani. Wengi walikuja na zile zile za kwenye mwongozo, za sungura na fisi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alikuja na kurasa nne za daftari, zimejaa pande zote mbili. Alikuwa ameandika kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani kwetu, kama alivyosimuliwa na magokoro, bibi yake mzaa mama, na nyimbo za katikati ya hadithi alikuwa ameziandika kwa wino mwekundu ili zisichanganyike na maneno ya kawaida.

Nilizisoma kurasa zile nikiwa dirishani, mvua ikinguruma. Ilikuwa hadithi iliyoshiba. Ilikuwa na mto ninaoujua, ilikuwa na mama mkwe mwenye ulimi mkali, na kila mambo yalipofika shingoni wimbo uliingia ukayafungua. Mvua ilipopungua nilimrudishia daftari lake nikamwambia: vizuri sana, sasa itafsiri kwa Kiingereza, halafu orodhesha sifa zake, maana mtihani utauliza sifa. Wiki iliyofuata aliniletea nusu ukurasa. Sifa zilikuwa tano: fomula ya kuanzia, takriri, wimbo, tanakali za sauti, funzo. Zote zilikuwa sahihi, nami nilimpa alama zote. Hadithi yenyewe haikuwemo.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nilipoacha kufundisha, kwa sababu hadithi ya yule bibi haikufukuzwa darasani na mkoloni. Iliitwa darasani na mpango mzuri, uliobuniwa na watu walioipenda, ukajadiliwa kwenye vikao, ukachapwa katika silabasi, ukasafiri mwaka baada ya mwaka mpaka ukafika Suneka. Ulipotua juu ya meza yangu ulikuwa umebaki orodha. Waswahili husema mipango si matumizi. Makala haya ni jaribio la kuufuata mpango mmoja toka ulikozaliwa hadi ulikofika, ili tuone ni wapi ulipopoteza nyama ukabaki mifupa.

Watu watatu na karatasi moja

Mwaka 1968 uhuru wa Kenya ulikuwa haujatimiza miaka mitano. Chuo cha Nairobi kilikuwa mkono mmoja wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na Idara yake ya Kiingereza ilifundisha mkondo wa fasihi ya Uingereza kana kwamba ndio mkondo wa moyo wa binadamu kila mahali. Mwezi Septemba mwaka huo kaimu mkuu wa idara, James Stewart, aliwasilisha mapendekezo yake kuhusu maendeleo ya Kitivo cha Sanaa. Alikubali kwamba idara ifungue mlango kwa maandishi ya Kiingereza kutoka Marekani, Karibea na Afrika. Hata hivyo, Idara ya Kiingereza ingebaki kuwa mhimili.

Tarehe 24 Oktoba wahadhiri watatu walijibu kwa waraka. Walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo bado alijulikana kwa jina la James Ngugi. Henry Owuor-Anyumba, mtu wa Nyanza aliyekuwa amezoea kukusanya nyimbo za watu wa vijijini. Na Taban lo Liyong, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake paanzishwe idara ya fasihi na lugha za Afrika. Hoja yao ilikuwa ya mahali pa kusimama. Afrika iwekwe katikati, na fasihi za watu wengine zitazamwe kutoka hapo. Fasihi simulizi iwe shina. Kiswahili kipewe nafasi yake. Karibea na Wamarekani weusi wasomwe kwa ujamaa wao nasi, na Ulaya, Asia na Amerika Kusini zisomwe kwa kadiri zinavyotufaa kujielewa na kuuelewa ulimwengu.

Mara nyingi watu husimulia jambo hili kana kwamba wahadhiri wale walitaka Shakespeare afungiwe nje. Hawakutaka hivyo. Walichouliza ni swali ambalo Kiswahili kina neno lake tayari. Mtu huulizwa kitovu chake kimezikwa wapi, na jibu lake humweleza kabla hajataja kazi wala cheo. Waraka ule uliiuliza elimu yetu ya fasihi swali hilo hilo: kitovu chako kimezikwa wapi?

Chuoni jibu lilipatikana upesi. Idara ya Kiingereza iligeuka kuwa Idara ya Fasihi. Chuo chenyewe kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, mwaka ule ule ambao Dar es Salaam ilianzisha Idara ya Kiswahili. Mwaka 1972 Taban lo Liyong alitoa mkusanyo wa fasihi simulizi za Afrika Mashariki uliotokana na kazi za wanafunzi wake. Mwaka 1973 Ngũgĩ akawa mkuu wa idara. Mpango ulifaulu pale kwa sababu walioubuni ndio waliouingiza darasani. Asubuhi waliuandika, jioni waliufundisha, na mwanafunzi alipokwama alijua mlango wa kubisha.

Kiti kimoja, wakaaji wawili

Ili tuone ugumu uliongojea mpango huo nje ya chuo, hebu twende kidogo mbali, Korea. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Mjini Seoul, ambao watawala waliuita Keijō, Wajapani walifungua chuo kikuu cha kifalme mwaka 1924, na vitivo vyake vikaanza kazi miaka miwili baadaye. Humo fasihi ya Japani haikufundishwa kama fasihi ya wageni. Ilifundishwa kwa jina la fasihi ya taifa. Mkorea aliyetaka kusoma fasihi ya taifa lake alijikuta akisoma ya Tokyo. Wako Wakorea walioimudu lugha hiyo hadi Wajapani wenyewe wakashangaa: mwaka 1940 Kim Sa-ryang alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuwania tuzo ya Akutagawa, ambayo ni fahari ya waandishi wa Japani, kwa hadithi aliyoiandika kwa Kijapani.

Utawala ulipoanguka mwaka 1945, kile kiti cha fasihi ya taifa hakikutupwa. Kilibadili mkaaji. Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kilipoanzishwa mwaka 1946, fasihi ya taifa ilikuwa ya Kikorea. Kijapani kilikaa nje ya vyuo kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1961 kikarudi katika chuo kikuu cha lugha za kigeni cha Hankuk, na mwaka 1973 kikaingia shule za upili. Kilirudi kwa mlango wa wageni, pamoja na Kifaransa na Kijerumani. Hasira haikuisha kwa hilo, na ilichukua hadi 1998 kwa serikali kuanza kuzifungulia rasmi filamu na nyimbo za Japani. Lakini profesa wa Seoul anayefundisha riwaya ya Kijapani leo anajua anasimama wapi na anatazama wapi. Mgeni ameketi kwenye kiti cha mgeni, na mwenyeji amerudi kwenye chake.

Sisi hatukuwa na wepesi huo. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilikuwa imependekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia toka darasa la kwanza. Mahakama, ofisi na mitihani vilizungumza Kiingereza. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la nne nilivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kuomba maji kwa Ekegusii, nikakaa nacho hadi jioni nilipompata mwenzangu wa kumvisha. Kwa hiyo waraka wa 1968 ulihamisha vitabu bila kuhamisha kiti, ambacho Kiingereza kilibaki kimekikalia. Huko chuoni jambo hilo liliweza kuvumiliwa, kwa kuwa mwalimu mwerevu hupata njia. Kadiri mpango ulivyoteremka kuelekea shule za vijijini, ndivyo uzito wa kiti hicho ulivyozidi kuulalia.

Kutoka chuoni hadi kijijini

Hatua ya kwanza ya kuuteremsha ilikuwa nzuri. Septemba 1974 Idara ya Fasihi na wakaguzi wa Kiingereza wa Wizara ya Elimu waliitisha mkutano juu ya kufundisha fasihi ya Afrika katika shule za Kenya. Walimu wapatao 200 walifika. Mkutano ulifanyika Nairobi School, shule iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya watoto wa walowezi, enzi hizo ikibeba jina la Mwana wa Mfalme wa Uingereza. Chini ya paa hilo walimu wa Kiafrika walijadili namna ya kuanzia nyumbani. Makala za mkutano zilihaririwa na Eddah Gachukia na S. Kichamu Akivaga, zikatolewa kama kitabu mwaka 1978. Nilikuwa na nakala yake, imechakaa jalada, na kila nikiisoma naona kwamba watu wale hawakukosa fikira. Walijua walimu wangehitaji mafunzo, walijua vitabu vingehitajika, walijua mtihani ungepaswa kubadilika.

Kilichofuata kilikuja vipande vipande. Fasihi simulizi iliingia katika silabasi za sekondari miaka ya 1980. Waandishi wa Afrika waliingia katika vitabu teule, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi wamemsoma Francis Imbuga na Margaret Ogola. Haya ni mafanikio ya kweli na sitaki kuyapunguza. Mtoto wa Suneka leo akifungua riwaya shuleni anaweza kukutana na mtu mwenye jina kama lake, jambo ambalo babu yake hakulijua. Lakini mwaka 1985 ulikuja mfumo wa elimu wa 8-4-4, na ndani yake Kiingereza na fasihi viliunganishwa kuwa somo moja. Fasihi ikawa sehemu ya karatasi ya lugha. Hadithi ya magokoro ikapewa kazi ya kumsaidia mtoto kufaulu Kiingereza.

Hapo ndipo mtihani uliposhika usukani. Swali la mtihani hulazimika kuwa na jibu linaloweza kusahihishwa vile vile Lamu, Lodwar na Kisii. Hadithi ya ukoo mmoja wa hapa kwetu Bonchari haiwezi kusahihishwa Lodwar, lakini sifa zake zaweza. Fomula ya kuanzia ni fomula ya kuanzia popote pale. Basi sifa zikabaki, hadithi zikaanguka njiani. Wenye duka la vitabu wakaona, wakaleta miongozo iliyozipanga sifa hizo kwa namba. Mwongozo ukawa rahisi kupatikana kuliko kitabu chenyewe. Nimewahi kufundisha darasa lenye wanafunzi zaidi ya hamsini na nakala kumi na mbili za riwaya, ilhali miongozo haikupungua thelathini. Nikisoma ukurasa wa riwaya kwa sauti, wao walikuwa wakifuata muhtasari wake kwa kidole.

Sikuwa mwalimu mbaya, na wenzangu hawakuwa wabaya. Hakuna hata siku moja ambayo mtu alikuja kutukalisha chini akatuonyesha jinsi ya kumpokea magokoro darasani: nani amrekodi, kwa lugha gani, ukisharekodi ufanye nini na ile kanda, umpe mwanafunzi alama kwa lipi. Tulipewa jina la mada na idadi ya vipindi. Mengine tuliachiwa.

Wajapani waliofika Kisii

Naweza kusema jambo hilo kwa uhakika kwa sababu jirani zangu wa chumba cha walimu walipata walichokikosa watu wa fasihi. Mwaka 1998 Wizara ya Elimu na shirika la JICA la Japani walianzisha SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza na wilaya tisa za majaribio, na Kisii na Gucha zilikuwa miongoni mwao. Awamu ya kwanza ilikwenda hadi 2003, kisha mradi ukatandazwa nchi nzima.

Kwa hiyo Japani ilifika kwetu, ila haikuja na riwaya zake. Ilikuja na hisabati, fizikia, kemia na baiolojia, na zaidi ya hayo ilikuja na utaratibu. Wakufunzi wa taifa waliwafunza wakufunzi wa wilaya, nao wakawafunza walimu wakati wa likizo. Fedha za mafunzo ya wilaya zilitoka katika michango ya shule zenyewe, ili wilaya isingoje Nairobi. Mwalimu alifundishwa mzunguko wa hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Kukosa maabara hakukuwa udhuru, maana alionyeshwa jinsi ya kufanya majaribio kwa vitu vilivyomo katika mazingira ya shule. Mwenzangu wa kemia alirudi kutoka mafunzo hayo akaanza kuokota chupa za plastiki kando ya barabara ya Kisii kwenda Rongo, na kabla muhula haujaisha meza yake ilikuwa na vifaa alivyovitengeneza kwa mikono yake.

Mradi huo nao haukuwa malaika. Walimu walinung'unika kwamba likizo zao zinaliwa, na kwamba posho ni ndogo. Wapo waliohudhuria kwa ajili ya daftari la mahudhurio tu. Hata hivyo nilimwona mwenzangu akimwita mwalimu mwingine akae nyuma ya darasa lake, amtazame akifundisha, kisha waketi pamoja kuzungumzia kilichokwama. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kulikuwa na mtu aliyefikiria safari nzima ya wazo, toka ofisini hadi kwenye kidole cha mwalimu kinachoshika chupa.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba wazo la kuokota kilichopo karibu na kukitumia kufundishia lilikuwa pia katika waraka wa 1968. Watu watatu wa Nairobi walitaka fasihi ianzie kwenye kilichopo nyumbani: bibi, wimbo, mto wenye jina. Wanasayansi wa wilaya yetu walifundishwa namna ya kuokota chupa. Sisi wa fasihi hatukufundishwa namna ya kuokota hadithi, ingawa hadithi zilikuwa zimetuzunguka kuliko chupa.

Nyuzi nane

Miaka ya mwisho ya kazi yangu nilijaribu kurekebisha kidogo. Nilikuwa nimesikia kwamba karibu na barabara, si mbali na soko la Suneka, anaishi omogaka mmoja, mzee apigaye obokano. Nilichukua wanafunzi kumi, kila mmoja na kalamu, tukaenda Jumamosi. Tulimkuta chini ya mti, chombo chake kimelazwa kwenye mkeka. Obokano ni kinanda kikubwa cha nyuzi nane. Bakuli lake limefunikwa ngozi, na sauti yake nzito husikika kifuani kabla haijafika masikioni. Alitusalimia, akauliza kila mtoto ni wa nani, na hakugusa nyuzi mpaka wote kumi walipotaja baba zao na babu zao. Kisha akazikaza moja moja, akiisikiliza kila moja kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Aliimba juu ya Moraa, mama mtabiri, na Otenyo, kijana ambaye Januari 1908 alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Geoffry Northcote, ambaye Abagusii, watu wa kwetu, walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Jeshi lililokuja kulipiza kisasi lilichoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Wanafunzi waliijua habari hiyo katika aya moja ya kitabu cha historia, na pale waliiona ikiwa na vilio na majina ya vilima.

Kisha mwanafunzi mmoja akauliza swali ambalo halikuwa katika orodha yangu: "Omogaka, na wewe wimbo huu ulifundishwa na nani?" Mzee akasema alifundishwa na baba yake, na kwamba baba yake alikaa muda mrefu bila kuimba baada ya kurudi Burma. Wengi wa watoto wale hawakujua kwamba askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, kwamba mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Mzee hakutusimulia vita. Alisema tu kwamba baba yake alikuwa akiamka usiku, anakaza nyuzi, kisha analala bila kupiga.

Usiku ule nilikumbuka kitabu nilichokuwa nimekisoma katika tafsiri yake ya Kiingereza ya 1966. Ni riwaya ya Takeyama Michio iitwayo *Kinubi cha Burma*, iliyotoka kwanza mfululizo katika jarida la watoto nchini Japani mwaka 1947 na 1948. Takeyama alikuwa mwalimu, na hakuwahi kufika Burma. Aliandika juu ya askari wa Kijapani apigaye kinubi, ambaye vita vikiisha anakataa kurudi kwao, anavaa nguo za mtawa na kubaki kuzika maiti waliotapakaa mabondeni. Kwa hiyo Japani mwalimu mmoja aliandika kinubi kimoja, na Suneka baba mmoja alinyamazisha chake, wote kwa ajili ya ardhi ile ile. Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza, kwa damu na si kwa hoja, waraka wa 1968 ulimaanisha nini. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya omogaka yule ana mahali pa kusimama anapomfungua Takeyama. Haombi ruhusa ya kuielewa Japani kupitia London. Anatoka na swali lake mwenyewe mkononi.

Hata Northcote ana mwisho wake upande huo wa dunia. Mwaka 1937 alifanywa Gavana wa Hong Kong, akaondoka mwaka 1941, na Desemba ya mwaka huo Wajapani wakaiteka. Mtoto anayeujua mkuki wa Otenyo amekwisha kushika ncha ya uzi unaofika mpaka huko. Kitovu hakimfungi mtu asitembee. Humwambia tu alikotoka, ili asipotee akiwa mbali.

Nafasi nyingine

Nayasema haya sasa kwa sababu mlango umefunguka tena. Chini ya mtaala wa umilisi, darasa la kwanza la gredi ya 10 lilianza Januari 2026. Katika shule ya upili ya juu, fasihi inatenganishwa tena na lugha: kuna Fasihi ya Kiswahili, kuna fasihi kwa Kiingereza, na Lugha za Kiasili zimo miongoni mwa masomo ya kuchagua. Karatasi imeandikwa vizuri, kama ilivyoandikwa vizuri ile ya 1968 na zile za 1974. Tathmini ya kazi za mradi, ambayo mtaala huu unaisisitiza, inaweza kumpa magokoro nafasi ambayo mtihani wa mwisho haukuweza kumpa, kwa kuwa mwalimu wa Suneka anaweza kuisahihisha hadithi ya Suneka.

Naomba kosa letu lisirudiwe. Mwalimu wa fasihi afunzwe likizoni kama alivyofunzwa wa kemia, na wenzake wakae nyuma ya darasa lake. Aonyeshwe kurekodi, kuandika Ekegusii sanifu, kutafsiri bila kuua wimbo. Simu aliyo nayo mfukoni inatosha kwa kuanzia. Rekodi ziwe na kabati, katika shule au katika Chuo Kikuu cha Kisii kilichopo kilomita chache tu kutoka hapa, ili kazi ya mwanafunzi wa mwaka huu iwe kitabu cha mwanafunzi wa mwaka ujao. Na mwanafunzi aruhusiwe kuleta hadithi kwanza katika lugha aliyoipokea, ikasikilizwa yote, ndipo tuulize sifa zake. Njia kati yetu na Japani imekwisha kufunguka: Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha Kijapani, na Osaka wapo vijana wa Kijapani wanaosomea shahada ya Kiswahili. Siku moja mmoja wao atafika Suneka akiwa na kinasa sauti, na atampata wa kumsimulia. Ningetaka kijana wa kwetu awe amefika kwa mzee huyo kabla yake, ili wazungumze wakiwa wenyeji wawili wa fasihi mbili.

Yule msichana wa dawati la nyuma nilikutana naye miaka baadaye kwenye stendi ya Suneka, ana mtoto mgongoni. Alinisalimia kwa heshima zote, "Bwakire, mwalimu," tukaulizana habari. Nikamwuliza kama bado ana lile daftari. Alifikiri kidogo, akasema magokoro alishafariki, na kwamba daftari hadhani kama lipo, kwa sababu baada ya kuandika zile sifa tano hakuona haja ya kulitunza. Gari lake lilikuja akapanda. Nilibaki nikijaribu kukumbuka nyimbo nilizozisoma dirishani siku ile ya mvua. Wino mwekundu ninaukumbuka vizuri, hata jinsi ulivyopenya upande wa pili wa karatasi. Maneno yake siyakumbuki hata moja.